Umeme Unaofifia na Kijisanduku cha Kupunguza Bili

Katika laini ndefu yenye mashine za kusaga, taa za nyumba ya mwisho hufifia mara mashine inapowashwa. Mota huvuta umeme wa namna mbili: ule unaogeuka kuwa kazi, ambao hupimwa kwa kilowati, na ule unaojenga sumaku ndani ya mota, ambao huenda na kurudi katika nyaya bila kusaga hata punje moja. Huu wa pili hauepukiki, kwani bila sumaku mota haizunguki. Lakini ukitoka mbali, hujaza nyaya na transfoma, na volti hushuka njiani.

Uwiano wa umeme wa kazi kwa umeme wote unaovutwa, mafundi huuita pawa fakta. Mota inayovuta kilowati 15 kwenye volti 400, pawa fakta ikiwa 0.7, hupitisha takriban ampea 31 katika kila waya. Ikifungiwa kapasita, umeme wa sumaku hupatikana palepale. Pawa fakta ikifika 0.95, mkondo wa laini hushuka hadi ampea 23 hivi, na umeme unaopotea kama joto katika nyaya hupungua kwa karibu nusu. Mteja wa TANESCO wa kundi la T2 au T3, ambaye hutozwa pia kwa kilovolti-ampea, huiona tofauti hiyo katika ankara yake. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA: kapasita iliyozidi kipimo hupandisha volti kupita kiasi, na hata umeme ukizimwa huweza kubaki na chaji ya kudhuru.

Mteja wa nyumbani ana habari tofauti. Vijisanduku vya kuchomeka ukutani vinavyonadiwa kuwa hupunguza bili mara nyingi huwa na kapasita ndogo tu. Mita ya LUKU huhesabu uniti, yaani kilowati-saa, na umeme wa sumaku haumo katika hesabu hiyo. Fedha ya kijisanduku ni afadhali inunue uniti.

Volti ikishuka mno chini ya 230 mara kwa mara, chomoa friji, kwa kuwa kompresa inayoshindwa kuanza huungua. Andika tarehe na saa, toa taarifa TANESCO, na uhifadhi namba ya taarifa. Usiporidhika na majibu, iwasilishe EWURA pamoja na malalamiko yako.