Dhoruba ya Barafu Huua Ikishapita

Januari 1998, Kenya na Tanzania zikiwa bado zinahesabu madaraja na barabara zilizosombwa na mvua za El Niño, mashariki mwa Canada kulikuwa kunanyesha mvua ya aina nyingine. Kuanzia tarehe 4 hadi 10 maji yaliganda papo hapo kila yalipogusa waya, tawi, paa au kioo cha gari. Minara ya chuma ya umeme ipatayo 1,000 ilianguka, na nguzo za mbao zaidi ya 30,000. Watu wapatao milioni 4 walikosa umeme, wengine kwa zaidi ya mwezi, na jeshi likatoa askari zaidi ya 15,000 kwenda kusaidia. Canada peke yake ilipoteza watu 28. Ukiangalia walivyokufa, unaona kwamba si wote walioangukiwa na barafu: wengine waliuawa na baridi ndani ya nyumba zao, wengine na moto, wengine na hewa ya sumu. Kwa hiyo utabiri wa dhoruba kama hii haupaswi kupimwa kwa kubashiri tu saa ambayo mvua itaanza. Upimwe pia kwa yale unayomwambia mtu kuhusu siku za giza zitakazofuata.

Kisayansi, kazi ya mtabiri hapa ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Hewa vuguvugu yenye unyevu, ambayo mwaka ule ilitoka upande wa Ghuba ya Mexico, hupanda juu ya hewa baridi iliyolala bondeni, na bonde la mto St. Lawrence huishikilia baridi hiyo vizuri sana. Theluji inayotoka mawinguni huyeyuka ikipita kwenye joto, kisha matone yake yanaingia kwenye tabaka la chini lenye baridi lakini jembamba, yasipate muda wa kuganda hewani. Yanafika chini yakiwa bado maji, ingawa yako chini ya nyuzi sifuri. Tabaka hilo likiongezeka unene kwa mita mia chache, zitaanguka punje za barafu zinazodunda na kuviringika; joto likipanda kwa nyuzi moja au mbili, itakuwa mvua ya kawaida. Mwaka 1998 tahadhari zilitolewa. Kilichoizidi nchi ni muda: miji kama Montreal na Ottawa kwa kawaida hupata saa 45 hadi 65 za mvua hiyo kwa mwaka mzima, na safari hii zilipita 80 ndani ya wiki moja. Kwa watu walioizoea mvua hiyo tangu utotoni, tangazo kwamba inakuja halikuwa na jipya.

Uzito ndio uliofanya kazi iliyobaki. Waya uliovikwa barafu nene kama mkono wa mtu huvuta mnara upande mmoja. Mnara ukilala, waya unauvuta wa pili, na wa pili unauvuta wa tatu, hadi mstari mzima unalala shambani. Jimbo la Quebec, lenye umeme mwingi na wa bei nafuu kutoka mabwawa ya kaskazini, lilikuwa limezoea kupasha nyumba joto kwa umeme huohuo. Taa zilipozimika, joto nalo likazimika. Tarehe 9 mitambo ya kusafisha maji ya Montreal ilikosa umeme, na jiji likakaribia kukaukiwa mabomba. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mhandisi Roger Nicolet ilipewa kazi ya kueleza yaliyotokea, na shirika la umeme, Hydro-Québec, likaanza kuimarisha njia zake, ikiwamo kuweka minara maalumu yenye nguvu ya kuzuia maporomoko hayo ya mfululizo.

Wapo watakaosema basi dawa ni vyuma na zege, au kufukia nyaya ardhini. Nakubali kwa sehemu tu. Kufukia nyaya za msongo mkubwa kwa mamia ya kilomita ni gharama isiyobebeka, na Aprili 2023 ilionyesha mipaka ya vyuma. Dhoruba nyingine ya barafu iliipiga Quebec. Safari hii tatizo kubwa lilikuwa matawi yaliyoangukia nyaya za mitaani, na wateja zaidi ya milioni moja wakabaki gizani. Miaka 25 ya uhandisi na kompyuta za utabiri ilikuwa imepita, lakini mzee mmoja aliyewasha jenereta gereji alikufa kwa kaboni monoksidi, na wengine walipelekwa hospitali kwa gesi hiyohiyo.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana la kusema, maana habari za familia iliyolala na jiko la mkaa na kukutwa asubuhi haijaamka si ngeni kwetu. Wengine wanaishi huko barafu inakoshuka: Louisville na Lexington, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, leo zina Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na Kentucky ndiyo iliyopigwa na dhoruba kubwa ya barafu Januari 2009. Mtu anaweza kudai kwamba mkaa tumepikia maisha yote. Ni kweli, lakini kwenye nyumba zenye upenyo chini ya paa au jiko likiwa uani. Nyumba iliyojengwa kuzuia baridi imezibwa kila tundu, na kaboni monoksidi, ambayo mkaa nao huitoa, haina rangi wala harufu. Baada ya dhoruba ya upepo iliyokata umeme katika jiji la Seattle, Marekani, Desemba 2006, wahamiaji kadhaa walichoma mkaa ndani ili wapate joto, na baadhi wakafa. Gazeti la Seattle Times likachapisha onyo ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa, ila watu walikuwa wameshakufa. Onyo kama hilo linapaswa kutoka siku mbili kabla, pamoja na utabiri wenyewe, likisema jenereta iwekwe mbali na milango na madirisha, mkaa usiingie ndani kabisa, na king'ora cha gesi kiwe na betri, kwa sababu kile kinachotegemea soketi peke yake huzimika pamoja na taa.