Kuvua kwa Ndoano Ukingoni: Kutafuta Mahali pa Halali Arusha na Kandokando ya Mlima Meru

Mkazi wa Arusha anayetaka kuvua kwa ndoano siku ya mapumziko hugundua mapema kwamba maji yamejaa pande zote za Mlima Meru, lakini mahali pa kusimama na ufito bila kuulizwa ni pachache. Mito hupita katikati ya mashamba ya watu, maziwa mengi yamo ndani ya hifadhi, na lile lililo karibu na barabara kuu lina lango na ada. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua ukingo ulio halali, nani wa kuombwa ruhusa, na nani hastahili kulipwa hata senti moja.

Msomaji aanze kwa kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: maji, ardhi ya ukingoni na samaki. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, maji yote nchini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa hiyo hakuna mwenye shamba wala mwenye hoteli anayeweza kusema kwamba mto ni wake. Hata hivyo, njia ya kuufikia mto huo inaweza kuwa yake, na kuvuka uzio wa mtu kwa kisingizio cha maji ya umma ni kosa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Katazo hilo linalenga ujenzi na kilimo kinachoharibu kingo, lakini wengine hulitafsiri kuwa ni haki ya kila mtu kupita. Hiyo si maana yake. Samaki, kwa upande wao, wanalindwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, na mwenye kutoa maelezo ya leseni katika eneo lako ni afisa uvuvi wa halmashauri. Kwa sehemu kubwa ya miteremko ya mashariki na kusini mwa Meru, ofisi inayohusika ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru, Usa River. Mwulize waziwazi: navua kwa ndoano moja, kwa kitoweo au kwa burudani, mahali fulani, je, nahitaji leseni gani?

Mahali panapotajwa kwanza ni Ziwa Duluti, karibu na Tengeru, kiasi cha kilomita 14 kutoka mjini kwa barabara ya Moshi. Daladala za Tengeru hufika karibu, na sehemu iliyobaki hutembewa kwa miguu. Duluti ni ziwa la kasoko, limezungukwa na Msitu wa Hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na njia ya miguu inalizunguka chini ya miti mikubwa. Mgeni hulipa kiingilio langoni. Hapo ndipo wengi hukosea: kiingilio ni ruhusa ya kuingia msituni, si ruhusa ya kuvua. Kabla ya kulipa, mwambie mhudumu kwamba umekuja na mshipi, kisha uulize kama siku hiyo uvuvi unaruhusiwa, sehemu ipi ya ukingo, na kama kuna malipo ya ziada. Ukijibiwa hapana, bado hujapoteza fedha. Ukiuliza ukiwa tayari umetupa ndoano, zana zako zinaweza kuchukuliwa, na kiingilio hakitarudishwa.

Ziwa hili halina mto unaotoka, hivyo mshipi uliokatika na mfuko wa chambo vitabaki humo, na kenge na ndege wa majini ndio watakaonaswa. Kingo zake nyingi zina mteremko mkali na mizizi inayoteleza. Hapa si mahali pa kumwacha mtoto ashike ufito peke yake, hata kama maji yanaonekana kama kioo.

Malipo yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndipo mwananchi anapoumizwa. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, yaani ile ambayo watu wengi huiita kontroo namba, yenye tarakimu 12, na hulipwa kwa simu, kwa wakala au benki. Tuseme kijana amekufikia ukingoni, anadai ada ya uvuvi ya kijiji, na anataka fedha taslimu. Huenda kijiji kina sheria ndogo za kweli, na huenda kuna kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) kinachotambuliwa. Usibishane naye, mwombe kitambulisho, namba ya malipo na stakabadhi. Akishindwa kuvitoa, mwambie kwa adabu kwamba mtakwenda pamoja kwa mtendaji wa kijiji. Kama anayedai fedha bila stakabadhi ni mtumishi wa umma, TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.

Maziwa ya Momella, pamoja na Tulusia, Lekandiro na Longil, yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Acha ndoano nyumbani. Huko watu huenda kutazama heroe.

Mito ya mjini, kama vile Themi na Naura, inafikika kwa urahisi mno, na hilo ndilo tatizo lake. Inapita katikati ya makazi, gereji na masoko, na maji machafu huingia humo. Kuvua hapo kwa kujifunza kutupa mshipi ni jambo moja. Kumpikia mtu samaki wa hapo ni jambo jingine, nasi hatulishauri.

Mwenye nafasi ya kusafiri atafuata maji hayo hayo yanakokwenda. Mito ya kusini mwa Meru huungana na Kikuletwa, nayo Kikuletwa humwaga maji yake katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Huko perege ni riziki ya vijiji vizima, na mgeni mwenye ndoano yuko miongoni mwa watu wanaoishi kwa samaki. Serikali imewahi kulifunga bwawa hilo ili samaki wazaliane, basi piga simu halmashauri kabla ya kukata tiketi. Viboko na mamba wapo. Usisimame ndani ya maji, na ondoka kabla ya magharibi.

Jambo la mwisho ni la jikoni. Maji mengi ya Meru, hasa upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto, yana floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana meno ya kahawia ni ya kawaida huko. Kwa samaki, floridi hukusanyika zaidi katika mifupa na magamba kuliko katika nyama. Mparue vizuri, usiwasagie watoto mifupa kwa ajili ya uji, na chukua maji yako ya kunywa kutoka nyumbani. Kwenye maji yaliyotuama, vaa viatu vya mpira kwa sababu ya kichocho. Ukiona mtu amezama, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kabla ya kumwingilia majini.