Pennsylvania: Jimbo Linalompigia Kura Mshika Hazina

Bunge la jimbo la Pennsylvania liko Harrisburg, kando ya mto Susquehanna, chini ya kuba la vigae vya kijani lililoigwa kutoka Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma. Rais Theodore Roosevelt alikwenda kulizindua Oktoba 1906 na akalisifu mno. Lakini wakati wageni wakishangaa marumaru na michoro, mtu mmoja alikuwa akichambua stakabadhi. Jina lake William Berry, wa chama cha Democrat, aliyekuwa ameshinda kiti cha mweka hazina mwaka 1905 katika jimbo ambalo Republican walikuwa wakilitawala watakavyo.

Vitabu vilimwonyesha Berry kwamba jengo lililosemwa kuwa limegharimu dola milioni 4 lilikuwa limekula, pamoja na vitu vya ndani, kiasi cha milioni 13. Taa zilinunuliwa kwa ratili na samani kwa futi, kwa hiyo taa ilipozidi uzito, muuzaji alizidi kulipwa. Watu watano walipatikana na hatia, akiwemo msanifu wa jengo, Joseph Huston, na mweka hazina aliyemtangulia Berry, William Mathues. Hakuna aliyemtuma Berry kuchunguza. Gavana hakumteua, wala hakuwa na uwezo wa kumfukuza. Watu wa Pennsylvania ndio waliomweka pale.

Jambo hilo huwashangaza wengi wanaozijua serikali za Afrika Mashariki, ambako waziri wa fedha huteuliwa na rais, na hata katika kaunti za Kenya mkuu wa fedha hupendekezwa na gavana. Pennsylvania ina takriban wakazi milioni 13 na kaunti 67. Kama majimbo yote ya Marekani, ina katiba yake, mahakama zake, kodi zake na hazina yake. Gavana huandaa bajeti na bunge huipitisha, ila fedha zenyewe ziko mikononi mwa mtu wa tatu. Tangu miaka ya 1870 mtu huyo huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima. Muhula wake ni miaka minne, na haruhusiwi kukaa zaidi ya mihula miwili mfululizo.

Kazi yenyewe haina shamrashamra. Ofisi ya hazina hutunza na kuwekeza zaidi ya dola bilioni 100, na hukagua malipo ya serikali kabla hayajatoka, yaani si baada ya fedha kuliwa. Mweka hazina huketi pia kwenye bodi za mifuko ya pensheni ya walimu na watumishi wa jimbo. Husimamia akaunti ambazo wazazi huwekea karo ya chuo, na nyingine za watu wenye ulemavu, ambao kama wangeweka akiba kwa njia ya kawaida huenda wangepoteza misaada yao. Chini ya sheria ya mwaka 2018, kila mtoto anayezaliwa Pennsylvania kuanzia Januari 2019 hutengewa dola 100 za masomo ya baadaye.

Kinachowagusa watu wa kawaida zaidi, hata hivyo, ni mali iliyosahauliwa. Mtu akihama na kuacha akaunti benki, au akifa bila familia kujua kuwa alikuwa na bima, kampuni husika hupaswa kuikabidhi fedha hiyo kwa hazina ya jimbo, kwa kawaida baada ya miaka mitatu. Hazina haiigeuzi kuwa mali yake. Mwenyewe au warithi wake wanaweza kuidai wakati wowote, hata baada ya miongo mingi. Kiasi kinachosubiri wenyewe kimevuka dola bilioni 4. Masanduku ya amana yaliyotelekezwa kwenye mabenki nayo hupelekwa Harrisburg, na ndani yake hutoka pete za ndoa, sarafu za kale, barua na nishani za askari. Nishani haziuzwi. Zimehifadhiwa katika chumba cha chuma, na ofisi hutafuta familia za wale waliozivaa. Mamia zimekwisha kurudishwa, zikiwemo zile za Purple Heart wanazopewa askari waliojeruhiwa au kuuawa vitani. Mwaka 2024 sheria mpya iliruhusu fedha ndogo zisizozidi dola 500 zirudi kwa wenyewe bila wao kuomba, na mwaka uliofuata hundi zikaanza kufika kwa posta kwa watu ambao hata hawakujua kuwa wanadai.

Kufikia kiti hicho si rahisi. Mgombea wa chama kikubwa lazima kwanza akusanye saini 1,000, zikiwemo angalau 100 kutoka kila moja ya kaunti tano, kisha apite kura za mchujo za chama chake mwezi Aprili. Uchaguzi wenyewe hufanyika Novemba, siku ileile ya kumchagua rais, na hapo ndipo tatizo lilipo. Pennsylvania huamua mara nyingi nani ataingia Ikulu ya Washington, kwa hiyo fedha, matangazo na mikutano yote huenda kwa wagombea urais. Jina la mgombea hazina liko chini kwenye karatasi, na wapiga kura wengi hukutana nalo kwa mara ya kwanza wakiwa tayari na kalamu mkononi. Hata msaada wa chama si hakikisho. Mwaka 2024 Democrat walimuunga mkono mbunge Ryan Bizzarro, na wapiga kura wao wakamchagua Erin McClelland.

Kwa miaka mingi mpiga kura aliweza kubonyeza kitufe kimoja na kura zake zote zikaenda kwa chama kimoja, kuanzia rais hadi mtu wa mwisho. Sheria ya mwaka 2019 ilikifuta kitufe hicho. Uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya hapo ulikuwa wa 2020, na matokeo yake yanastahili kusomwa taratibu. Joe Biden wa Democrat alilichukua jimbo kwa tofauti ya kura 80,555. Josh Shapiro, Democrat mwenzake, akabaki na kiti cha mwanasheria mkuu. Lakini kiti cha mkaguzi mkuu kilikwenda kwa Timothy DeFoor wa Republican, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa Pennsylvania katika nafasi ya aina hiyo. Na katika hazina, Joe Torsella wa Democrat, aliyekuwa madarakani bila kashfa na ndiye aliyeusukuma mpango wa dola 100 za watoto, alishindwa kwa zaidi kidogo ya kura 50,000. Kura za posta zilikuwa zaidi ya milioni mbili na nusu, na sheria hairuhusu zifunguliwe kabla ya asubuhi ya siku ya uchaguzi, hivyo kuzihesabu kulichukua siku kadhaa.

Aliyemshinda Torsella ni Stacy Garrity, kanali mstaafu wa jeshi la akiba kutoka kaunti ya mashambani ya Bradford, kaskazini. Alikuwa amehudumu Iraq, katika kambi ya mahabusu ya Camp Bucca, na kufanya kazi kwa miaka mingi katika kiwanda cha madini ya tungsten. Hakuwahi kushika cheo cha kuchaguliwa. Mwaka 2024 alirudi kwa wapiga kura akiwa na hundi na nishani za kuonyesha, akapata takriban kura milioni 3.5.

Kura peke yake haimfanyi mtu kuwa mwaminifu, na Pennsylvania inalijua hilo kwa uchungu. Budd Dwyer, aliyechaguliwa 1980 na tena 1984, alitiwa hatiani kwa rushwa ya mkataba wa kompyuta, akajiua Januari 1987, siku moja kabla ya kuhukumiwa. Rob McCord alishinda 2008 na 2012. Alipowania ugavana mwaka 2014, aliwabana watu waliotegemea maamuzi ya serikali wamchangie kampeni. Alijiuzulu Januari 2015, akakiri kosa, na mwaka 2018 akahukumiwa kifungo cha miezi 30. Gavana alimpendekeza Timothy Reese kumalizia muhula na Seneti ya jimbo ikamwidhinisha. McCord hakuiba kutoka kwenye sanduku alilokabidhiwa. Alitumia cheo kutafuta fedha za kupandia cheo kingine, na hatari hiyo humfuata kila mshika hazina anayelazimika kuomba michango ili achaguliwe.

Majimbo mengine yamechagua njia tofauti. Maine, Maryland na New Hampshire huacha bunge limteue. Texas ilikwenda mbali zaidi. Martha Whitehead aligombea kiti hicho mwaka 1994 akiahidi kukifuta, akashinda, na mwaka uliofuata wapiga kura wakaidhinisha. Kazi zikahamia kwa afisa mwingine na ofisi ikafungwa 1996. Ziliokolewa fedha, ila yakaondoka pia macho mawili.

Pennsylvania yenyewe ilipata mtihani mwaka 2025. Bajeti ilipaswa kuanza Julai mosi, lakini gavana, sasa Josh Shapiro, na bunge lililogawanyika hawakuafikiana hadi Novemba 12. Kaunti na vituo vya kulea watoto wa familia maskini vilibaki bila fedha. Garrity alifungua mkopo wa hadi dola milioni 500 kwa ajili yao, jambo ambalo waziri wa kuteuliwa asingethubutu kulifanya bila idhini ya bosi wake. Wakati huohuo alikuwa tayari ametangaza kuwania ugavana katika uchaguzi wa 2026, dhidi ya Shapiro huyohuyo. Katika hazina hawezi kugombea tena mwaka 2028, kwa kuwa mihula yake miwili itakuwa imekwisha.