Anayesema karibu ndiye mgeni

Katika desturi zetu, mgeni ndiye anayepiga hodi na mwenyeji ndiye anayeitikia karibu. Maneno haya mawili hayabadilishani nafasi. Mgeni hupiga hodi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Asipoitikiwa, hurudi zake bila kinyongo. Mtu akiingia sebuleni mwako bila hodi, akaketi, kisha akakwambia wewe "karibu", hapana shaka utashtuka, hata kama sauti yake ni tamu kama asali. La kustaajabisha ni kwamba jambo hili hili hutufika mara kwa mara mbele ya kompyuta, nasi hatushtuki.

Nazungumzia viendelezi. Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari, yaani ile programu ya kusomea kurasa za intaneti, ili kukiongezea uwezo ambao hakikuzaliwa nao: kufasiri neno gumu, kuzuia matangazo, kuhifadhi marejeo ya insha. Firefox ilikuwa na uwezo wa kupokea viendelezi tangu toleo lake la 1.0 la mwaka 2004, na Chrome ikafungua mlango huo mwaka 2010. Aghalabu kiendelezi kikishapachikwa, hufunguka ukurasa wa kumlaki mtumiaji mpya. Huo ndio uitwao ukurasa wa makaribisho.

Wakati mmoja wanafunzi wangu wawili waliniletea ukurasa wa namna hiyo, wakiniomba niusahihishe Kiswahili chake. Walikuwa wamebuni kiendelezi cha kuonyesha maana ya maneno magumu ya Kiswahili. Ukurasa ulianza kwa maandishi makubwa: "Karibu katika ulimwengu mpya wa maarifa!" Zikafuata sifa saba za programu yao, na mwishoni kitufe kimoja kikubwa: "Nakubali." Sarufi haikuwa na kasoro hata moja. Nikawauliza, "Mwanafunzi wa sekondari akibofya hapa, anakubali nini?" Wakatazamana. Kisha mmoja akajibu, "Mwalimu, watu hubofya tu."

Jibu hilo ndilo ugonjwa wenyewe. Kivinjari ni nyumba ya mtumiaji. Humo mna barua zake, matokeo yake ya mtihani na maswali anayoyauliza usiku akiwa peke yake. Kiendelezi ndicho kinachoingia humo. Kwa hiyo kiendelezi ndicho mgeni. Kinaposema "karibu", kimejivika joho la mwenyeji, na mwenyeji halisi anajikuta akijibu kwa unyenyekevu wa mgeni: anakubali asichokijua. Katika isimu tunasema kwamba tamko huwagawia wazungumzaji nafasi zao. Ukikosea nani asemaye nini, hata sentensi sanifu hupotosha.

Wapo watakaosema kwamba kivinjari chenyewe huonyesha orodha ya ruhusa kabla ya kiendelezi kupachikwa. Ni kweli. Lakini mara nyingi ruhusa hiyo huwa sentensi moja kavu, ya kusoma na kubadilisha data zote katika tovuti zote, bila kueleza kwa nini. Nikawauliza vijana wangu iwapo kamusi yao ilihitaji haya yote. Wakaenda, wakarudi baada ya siku mbili na habari njema: ipo ruhusa nyembamba zaidi, ambayo hukiwezesha kiendelezi kusoma ukurasa uliofunguliwa tu, tena pale tu mtumiaji anapobofya alama yake. Wakaichukua hiyo. Naam, kuandika hodi ya kweli kuliwafanya wabadilishe programu yenyewe.

Ukurasa wao mpya una mambo manne tu, kwa mpangilio wa mgeni mwenye adabu: mimi ni nani, nimeletwa na nini, nitagusa nini humu ndani, na utanitoaje ukinichoka. Wakaongeza jambo moja la manufaa. Katika Chrome, alama ya kiendelezi kipya hufichwa nyuma ya picha ya kipande cha fumbo, juu ya dirisha, na mgeni wa programu hizi hudhani hakuna kilichotokea. Picha moja yenye mshale ilitosha kumwonyesha pa kutazama, na sifa zile saba hazikuhitajika tena.

Palibaki suala la lugha. Waundaji wengi wa programu huandika vipande vya sentensi na kuiachia mashine ivibandike pamoja. Kiingereza huvumilia, kwa kuwa neno moja hutosha kusema kitu kimehifadhiwa. Kiswahili hakivumilii: neno limehifadhiwa, kitabu kimehifadhiwa, kurasa zimehifadhiwa. Mashine ikibandika "imehifadhiwa" kila mahali, mwanafunzi hukuta makosa katika chombo kilichokuja kumfunza lugha. Dawa yake si ngumu: andika sentensi nzima kwa kila hali, na umweleze mfasiri inatokea wapi.

Haya si mambo ya adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaitaka idhini iwe dhahiri, ya hiari, mahususi, na itolewe na mtu aliyefahamishwa. Na data za mtoto zinaposhughulikiwa, idhini ya mzazi au mlezi huhitajika. Mwalimu anayewaambia wanafunzi arobaini katika chumba cha kompyuta "bofyeni nakubali, tuendelee na somo" ameanza somo jingine bila kujua, nalo ni somo la kutosoma.

Ningependa walimu wa Kiswahili wafanye kinyume chake. Wapeni wanafunzi ukurasa mmoja wa makaribisho wa programu yoyote, wauandike upya kama hodi kwa maneno yasiyozidi sitini. Watajifunza ufupisho, upatanisho wa kisarufi na adabu za mazungumzo kwa pigo moja. Kisha muwaulize swali la mwisho, lile nililowauliza wale vijana wangu: kitufe cha kukataa kiko wapi? Walikiweka kando ya kile cha kukubali, kwa ukubwa ule ule. Mgeni asiyekuwa tayari kurudi zake hakupiga hodi.