Je, Wajua? Anyanya, Jina la Fahari Lililogeuzwa Tusi

Je, wajua kwamba neno ambalo watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wametukanwa nalo Kampala kwa miaka mingi lilichaguliwa kwa fahari na wenye nalo? Anyanya limetokana na neno la Kimadi lenye maana ya sumu ya nyoka. Wamadi wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Sudan Kusini, na lugha yao ni ndugu wa Kilugbara cha Arua. Mwaka 1963 wapiganaji wa kusini mwa Sudan waliliita hivyo jeshi lao la msituni, adui asikie na aogope. Joseph Lagu, aliyekuja kuliongoza, ni Mmadi wa kuzaliwa. Ng'ambo ya mpaka jina hilo lina heshima mpaka leo.

Lilichafukia Uganda. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko huko West Nile, alitwaa madaraka Januari 25, 1971, akajaza jeshi watu kutoka kusini mwa Sudan, wakiwemo waliokuwa Anyanya. Askari hao walipoanza kuua na kupora, raia wakawaita wote Anyanya. Neno likazidi kupanuka bila mtu kuuliza lolote: Mlugbara, Mkakwa, Mmadi, Mwaringa, hata mwalimu ambaye hajawahi kushika bunduki, wote wakawa Anyanya, watu wa Amin. Huo ndio udhalimu wa tusi la namna hii, linamfutia mtu jina lake na kumbebesha makosa ya mwingine.

Makosa hayo yalilipiwa na wasiohusika. Amin alianguka Aprili 1979, na jeshi jipya, UNLA, likaingia West Nile likiwa na kisasi. Juni 24, 1981 askari wake waliwashambulia raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua. Wakaua wanaume, wanawake na watoto ndani ya uwanja wa kanisa.

Watu wengi wa mkoa huo walikuwa wameshavuka kwenda Zaire na Sudan. Wengi wao walirudi baada ya 1986 wakizungumza Kilingala na Kiarabu cha Juba, na lugha hizo bado zinasikika katika masoko ya Arua na Koboko.