Shujaa aliyeshindwa kusema "sina hakika"

Wazazi wengi waliopita sekondari wanamkumbuka Kinjeketile wa kwenye mtihani: maji, Mjerumani, Vita vya Majimaji. Hali ya akili yake tuliipita haraka, na ndiyo inayofanya tamthilia hii ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, isomeke upya na mtu mwenye watoto.

Tukumbushane. Mchezo unapoanza, wanakijiji wana njaa na wanalazimishwa kulima pamba ya Mjerumani. Kinjeketile amejitenga nyumbani kwake, na watu wanamsema. Baadaye anapandwa na pepo na kuvutwa mtoni. Anaporudi ni mtu mwingine: ana maji ya kuzuia risasi na neno la kuunganisha makabila.

Pepo akishamtoka, anaelezwa aliyoyatamka, kwamba wakishinda watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anashtuka. Kumbe ni kutoka kwa mtawala mmoja kwenda kwa mwingine! Shaka inamwingia, lakini watu wameshaamini. Anawaomba wasubiri, hawasubiri. Anayeijua hofu yake ni rafiki yake Kitunda, naye hawezi kuizuia vita. (Kinjeketile wa historia alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Huyu wa jukwaani ni wa kubuni, na Hussein mwenyewe alieleza hivyo.)

Wasomi wa fasihi huliita hilo anguko la shujaa. Mimi ninayeandika habari za afya namwona mtu aliyebebeshwa tumaini la wote, akakosa pa kulitua.

Sasa njoo Moa. Nyumba ya mvuvi inajibana ili mtoto apate nauli, sare na chumba cha kupanga Tanga mjini. Tangu darasa la saba anaitwa "daktari wetu". Hesabu zikimshinda kidato cha tatu, atamwambia nani, na baba ameshawatangazia wenzake wote pwani? Anarudi likizo, hatoki chumbani, chakula anakidonoa tu. Watu wazima sebuleni wanabishana kama ni kiburi, mapenzi au pepo.

Sibezi habari za pepo, Pwani tumekua nazo. Lakini kuitwa kwa shehe au mganga kusimnyime mtoto zahanati. Huzuni, kujitenga au kukosa usingizi kukidumu wiki 2, mpeleke; watamwelekeza mbele, hata Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ikibidi. Akisema afadhali asingekuwepo duniani, usihesabu wiki. Usimwache peke yake, na mpeleke siku hiyo hiyo. Simu ya mtoto, namba 116, haina malipo.

Lakini mengi huanzia nyumbani, kabla ya hospitali. Usimwite na kumkalisha kitako kama mshtakiwa. Mkiwa mnapaa samaki au mnashona wavu, muulize kama kuna jambo mlilomtwika ambalo limemzidi uzito. Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Akikwambia hesabu zimemshinda, usikimbilie "utaweza tu, wewe ndiye tegemeo letu", kwa sababu hilo tegemeo ndilo linalomlemea. Muulize lilianza lini, na nani mwingine anajua.