Safari na Hofu: Machozi ya Ibn Battuta Mjini Tunis

Kila mwaka, barua za kujiunga na shule na vyuo zinapotoka, hutokea katika nyumba zetu jambo ambalo si geni kwa msomaji. Kijana amepata nafasi, lakini mahali penyewe ni mbali: mkoa usio na ndugu, watu wa kabila jingine, chakula kingine. Mama analia jikoni kwa siri. Baba anaanza kuulizia chuo cha karibu. Kijana mwenyewe, ambaye jana alikuwa akijigamba mbele ya wenzake, usiku halali. Baada ya wiki mbili tunasikia kwamba ameghairi.

Hatuandiki haya kwa kuibeza hofu hiyo. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, aliieleza safari kuwa ni sehemu ya adhabu, kwa kuwa humzuilia mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake. Sheria nayo imemruhusu msafiri kupunguza swala, na kula mchana wa Ramadhani akalipa baadaye. Safari ingekuwa jambo jepesi, ruhusa hizo zingekuwa za nini? Hata hivyo, katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha watu watembee katika ardhi wakatazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Amri hiyo haikufungwa kwa sharti la kwanza kutulia moyo.

Mfano tunaoutaka ni wa mtu ambaye wengi humdhania kuwa hakujua woga. Abu Abdallah Muhammad Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Tarehe 2 Rajab 725, yaani Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaelekea Makka kuhiji. Hakuwa na mwenzi wala msafara. Alipofika Tlemcen alishauriwa awafuate wajumbe wawili wa sultani wa Tunis waliokuwa wametoka siku hiyohiyo. Hakukurupuka, aliswali istikhara, akakaa siku tatu akinunua mahitaji, kisha akawafuata mbio.

Aliyoyakuta njiani yalitosha kumrudisha kwao. Mmoja wa wajumbe hao alifariki. Yeye mwenyewe alishikwa na homa kali, na rafiki yake akamsihi apumzike mpaka apone. Alikataa, akisema kwamba kama ajali yake imefika, basi na imkute uso wake ukielekea Hijazi. Homa ilipomzidi alijifunga kwenye tandiko la mnyama kwa kitambaa cha kilemba asianguke, kwani kushuka hakukuwezekana kwa kuhofia wanyang'anyi.

Kilichomliza, hata hivyo, hakikuwa homa wala wanyang'anyi. Msafara ulipoingia Tunis, wenyeji walitoka kuwapokea jamaa zao. Huku wanakumbatiana, kule wanaulizana habari. Yeye hakuna aliyemtolea salamu, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Akalia machozi. Mmoja wa mahujaji aliiona hali yake, akamwendea, akamsalimu, akazungumza naye kwa upole mpaka wakaingia mjini. Miezi michache baadaye, msafara wa mahujaji ulipoondoka Tunis, kijana yule aliyekuwa akilia alitoka nao akiwa ndiye kadhi wao.

Ndugu msomaji, tulitafakari hilo. Hofu haikumtoka nyumbani ndipo akasafiri; ilipungua njiani. Wanaowatibu watu wenye hofu wanaeleza jinsi inavyokuwa: mtu akilikimbia analoliogopa hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kukimbia tena kesho. Akilikaribia kidogo kidogo, akakaa nalo mpaka moyo utulie, na akarudia, hofu hupoteza nguvu. Mzazi anayemwondolea mwanawe kila ugumu huwa anamlea pamoja na hofu yake.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alikuwa katika bahari yetu. Alipofika Zeila aliuchukia mji kwa harufu ya samaki na damu ya ngamia waliochinjwa, akaona heri alale chomboni ingawa bahari ilichafuka sana. (Uchaguzi wa malazi haukumtoka, lakini woga wa mawimbi ni wazi ulikuwa umepungua.) Mogadishu alikuta desturi iliyo kinyume kabisa na yaliyomkuta Tunis: chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula kilichofunikwa, na kila mmoja humchagua mfanyabiashara na kumwita mgeni wake. Ilipojulikana kwamba yeye ni mtu wa elimu, kadhi mwenyewe alikuja ufukweni na wanafunzi wake kumpokea. Kutoka hapo alipitia Mombasa, akalala usiku mmoja, akaona visima milangoni mwa misikiti ambako watu waliosha miguu kabla ya kuingia. Kisha akafika Kilwa.

Isidhaniwe kwamba baada ya hapo hakuogopa tena. Huko Delhi, alipokuwa kadhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq, alitiliwa shaka kwa kumzuru shekhe aliyegombana na mtawala huyo, akawekewa walinzi. Alifunga siku tano mfululizo kwa maji matupu, akisoma Kurani. Anaeleza kwamba kwa siku moja alitamka mara 33,000 maneno ya kumtosheka Mwenyezi Mungu yaliyomo katika Sura ya Al-Imran, aya ya 173. Hofu ilikuwapo, na kubwa. Ila alijua pa kuipeleka.

Ushujaa tunaousema si wa kujitupa. Mtume (S.A.W.) alitahadharisha mtu kusafiri usiku peke yake, na alikataza kuingia katika nchi yenye tauni. Kuhusu safari ya binti bila maharimu wanavyuoni wamehitilafiana, na kila familia iwaulize mashekhe wake kabla ya kukata shauri.

Wala hatuwafichi wazazi gharama yake. Ibn Battuta alipofika Damascus mwaka 1348 ndipo alipojua kwamba baba yake alifariki miaka 15 nyuma. Mwaka uliofuata, akikaribia kwao, aliambiwa mjini Taza kwamba mama yake amekufa kwa tauni, na akaenda Tangier kulizuru kaburi lake. Mzazi wa leo ana simu. Lakini asipige mara kumi kwa siku, hasa wiki ile ya kwanza. Mara moja baada ya Isha inatosha. Na kabla ya hapo, likizo hii, mtoto na apande basi peke yake mchana aende kwa shangazi yake mji wa pili, akakae siku tatu, na arudi mwenyewe.